Masharubu ya Profesa Tufani

Nchi ninayotaka kuwasimulia ina jina, lakini silitaji. Mara ya mwisho nilipolitaja lilikuwa limeshabadilishwa asubuhi ile ile, nikaandikiwa barua ya onyo kwa kutumia jina lililokwisha muda wake. Yatosha mjue kwamba ni nchi nzuri, yenye mito miwili, reli moja na Rais mmoja. Raia wake ni watu wa furaha, na asiye na furaha hujaza fomu.

Katika nchi hiyo hakuna aliyependwa kama Profesa Tufani. Hakuwa profesa wa kitu chochote. Cheo alijipa mwenyewe, kama walivyofanya wakubwa wengi wa wakati ule. Jina alilopewa na wazazi wake ni Kitwana Mbaruti, na kazi yake ilikuwa sarakasi. Kwa miaka arobaini alizunguka mikoa yote na hema lake la mistari myekundu, wacheza viungo kumi na mmoja, tumbili anayevuta kiko, na simba mmoja kibogoyo aliyeitwa Waziri. Alijaliwa mdomo. Akisimama mbele ya hema na kipaza sauti chake cha bati, masharubu yamesokotwa kama pembe za kondoo dume, akatamka, "Mabibi na mabwana, leo mtaona lisiloonekana!", hata wagonjwa waliokuwa wakipelekwa zahanati waliomba machela igeuzwe.

Lakini kilichompa utukufu ni kamba. Mwaka fulani alitangaza kwamba atauvuka mto Mlazo kwa kutembea juu ya kamba, kutoka mwamba hadi mwamba, mamba wakimsubiri chini. Na kweli, mbele ya macho ya maelfu, mtu mwenye koti jeusi, kofia ndefu na masharubu yale yale aliuvuka. Mpiga picha wa gazeti alimpata akiwa katikati, mguu mmoja hewani, hana viatu.

Profesa Tufani alifariki miaka tisa iliyopita, kitandani, kwa kikohozi. Baada ya kufa ndipo alipoanza kuishi.

Picha ile ya mtoni ikaingia kwenye kanga, kwenye viberiti, nyuma ya malori na juu ya milango ya vinyozi. Bendi saba za dansi zilimtungia nyimbo, na kikundi kimoja cha taarabu kikamtungia wimbo wa kumkemea mke mwenza, sijui alihusikaje. Chapati nyembamba ikaitwa tufani. Mtu anayeishi mjini bila kazi inayojulikana wakasema anatembea kitufani. Na kila aliyekuwa na methali isiyo na mwenyewe alimsingizia marehemu.

Serikali ilipogundua kwamba wananchi wanapenda kitu bila kuelekezwa, ilishtuka sana. Ndani ya wiki moja ikaundwa Wizara ya Utamaduni, Maajabu na Hali ya Hewa. Hali ya hewa iliongezwa na karani aliyeona neno "tufani" kwenye rasimu akaelewa vingine, na kwa kuwa rasimu ilikuwa imeshatiwa saini, ikaachwa hivyo.

Waziri wake, Dakta Ngwalanje, alikuwa mtu wa vitendo. Alianza kwa kutangaza kwamba simba wa marehemu alikuwa na meno yake yote thelathini, na kwamba hakuitwa Waziri hata siku moja, aliitwa Mzalendo. Akaagiza maofisa wote wafuge masharubu, na maofisa wa kike akawaruhusu kuyabeba kwenye mikoba. Akasimamia filamu ya saa sita, mwigizaji mkuu akiwa shemeji yake, ambamo Tufani anavuka mto akipeperusha bendera ya taifa, ingawa mwaka ule bendera ilikuwa bado haijashonwa. Mwisho akapeleka bungeni Sheria ya Kulinda Urithi wa Tufani, inayosema kwamba hairuhusiwi mtu yeyote kutembea juu ya kamba, waya, au uzi wa kuanikia nguo bila kibali cha Wizara.

Sheria ilipita kwa shangwe. Wabunge walioinua mikono kupinga walikuwa wawili, na wote wawili walieleza baadaye kwamba walikuwa wanajinyoosha.

* * *

Sasa, katika mtaa wa Magodoro kulikuwa na bibi mmoja aliyeitwa Bi Sikudhani Mapande. Umri wake miaka sabini na miwili, mwembamba kama uzi wa sindano yake, maana kazi yake ilikuwa kushona magodoro. Mumewe, Mzee Pazi, alikuwa mpiga ngoma wa sarakasi ya Tufani tangu ujana wake, na ngoma ile ilikuwa imemla sikio la kushoto. Bi Sikudhani mwenyewe, watu walijua, alikuwa mshonaji wa hema na nguo za wachezaji.

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Bi Sikudhani alijifunga kanga kiunoni, akapanda kamba aliyoifunga kati ya muarobaini na ukuta wa bafu, kimo cha kiuno hivi, akaenda na kurudi mara kumi. Majirani watano, wanawake watu wazima, walikuwa wakija kujifunza. Walianguka, wakacheka, wakapanda tena. Mmoja alisema kamba ile imemtibu mgongo kuliko dawa za hospitali zote mbili.

Askari wa Urithi alimkuta yuko katikati.

"Mama, shuka. Uko chini ya ulinzi."

"Kwa kosa gani, baba?"

Askari akafungua daftari lake, akasoma: "Kumwiga Profesa Tufani bila kibali."

Bi Sikudhani aliangua kicheko mpaka kamba ikatikisika. Mzee Pazi, aliyekuwa amekaa kibarazani na sikio lake zima limeelekea njiani, naye akacheka. Askari hakuona cha kuchekesha, akaandika kwamba watuhumiwa wamecheka.

Hapa inanibidi niwaambie jambo ambalo Serikali yetu, pamoja na kujua kila kitu, ilikuwa hailijui.

Profesa Tufani aliogopa kimo. Hakuweza kupanda kiti kubadilisha balbu. Godoro lake alilitandika sakafuni. Siku ile ya mto Mlazo, umati umeshajaa kingo zote mbili, alipanda mwambani, akachungulia chini mara moja, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kihema cha nguo, akakaa chini na kusema, "Sikudhani, nimekwisha. Nimewaahidi watu, na miguu imekataa."

Sikudhani alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kamba alikuwa akiichezea kila alfajiri, wenzake wakiwa wamelala. Alivaa koti la Tufani, akavaa kofia yake, akakata manyoya kwenye shingo ya simba Waziri, ambaye hakubisha, akayabandika chini ya pua kwa uji wa muhogo. Akatoka. Akavuka.

Usiku huo Tufani alilia mbele yake na mbele ya Pazi. "Wewe una miguu, mimi nina mdomo," alisema. "Tukiachana, kila mmoja wetu ni kilema. Niahidi hutamwambia mtu."

Akaahidi. Na kwa miaka yote iliyofuata, kila Tufani alipopanda kamba, aliyekuwa juu ni mshonaji wa hema, na Tufani mwenyewe alikuwa amejikunyata nyuma ya ngoma ya Pazi, amefumba macho. Kwa hiyo miguu iliyochorwa kwenye kanga, kwenye viberiti na juu ya kiti cha Rais ofisini kwake ilikuwa ya bibi huyu aliyekamatwa kwa kuiiga.

* * *

Alipelekwa mbele ya Bodi ya Taifa ya Uhalisi wa Tufani. Wajumbe walikuwa watatu, na masharubu yao yalikuwa manne, kwa kuwa mwenyekiti alivaa mengine juu ya yake. Walimwambia kwamba sheria ina huruma: akionyesha kwamba anatembea kwa mtindo halisi wa Tufani, atapewa kibali cha muda.

Wakamfungia kamba ukumbini. Bi Sikudhani akaipita kama mtu anayepita sebuleni kwake kwenda kuzima jiko.

Wajumbe walinong'ona. Mwenyekiti akakohoa.

"Mama, umejitahidi. Lakini Profesa alikuwa akichechemea kidogo, mguu wa kulia."

"Hakuchechemea."

"Tumeiona filamu mara nyingi. Anachechemea kuanzia saa ya pili mpaka mwisho."

"Huyo mwigizaji alikuwa na sugu kidoleni, baba. Alikuja kununua godoro kwangu, nikaiona."

"Na wewe umejuaje Profesa alivyotembea?"

Bi Sikudhani alifungua mdomo, kisha akaufunga. Mzee Pazi, aliyeruhusiwa kuketi nyuma, alijishika kichwa.

Hukumu ilisomwa kwa kusimama: mshtakiwa hana kipaji cha kamba, amepigwa marufuku kupanda chochote kilichofungwa ncha mbili, na kamba yake inataifishwa.

Waliichukua siku hiyo hiyo, kwa gari la serikali, imewekwa kiti cha nyuma. Wale majirani watano walisimama uani wakiutazama muarobaini.

Wiki ya kwanza Bi Sikudhani alisema afadhali, atapumzika. Wiki ya pili magoti yakaanza kuuma. Wiki ya tatu alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda mpaka saa nne asubuhi, sindano mkononi, uzi haujatungwa. Alikuwa amezeeka zaidi kwa mwezi mmoja kuliko kwa miaka ishirini.

"Sema, mke wangu," Mzee Pazi alimwambia. "Neno moja tu. Nitakuwa shahidi wako."

"Niliahidi."

"Aliyeahidiwa amekufa."

"Ahadi haikufa," alisema Bi Sikudhani, akageukia ukutani.

* * *

Ikafika Siku ya Tufani, nusu karne kamili tangu kuvukwa kwa mto Mlazo.

Rais wa nchi, Mtukufu Ndaligwa, hakuwa mtu mbaya. Aliwasikiliza walio karibu naye, na walio karibu naye walikuwa wakimsifu tangu anaamka. Dakta Ngwalanje alikuwa amemwambia mara nyingi, "Mtukufu, roho ya Tufani inatembea ndani yako," na mtu akiambiwa jambo kila siku pamoja na chai, huanza kulisikia tumboni. Basi ikatangazwa kwamba Rais mwenyewe atatembea juu ya kamba, uwanja wa taifa, saa nne asubuhi, kati ya minara miwili mirefu kama minazi.

Waziri hakuwa mjinga. Alipanga kwamba kamba iwe ubao wenye upana wa mita nzima, uliopakwa rangi ya kamba. Kazi ikagawiwa kamati tatu: moja ya kuupima ubao, moja ya kuukata, moja ya kuuzindua. Asubuhi ya siku yenyewe ubao ulikuwa mkoani, unazinduliwa. Kilichokuwa kimefungwa juu ya minara ni kamba ya mfano, iliyowekwa ili ubao ukija ufanane nayo. Barua ya kumtaarifu Rais iliandikwa vizuri sana, lakini kwa utaratibu ilihitaji kwanza saini ya Rais.

Rais akapanda, amevaa koti jeusi, kofia ndefu na masharubu mapya. Watu elfu themanini wakashangilia, kwa kuwa mahudhurio yalikuwa ya lazima na furaha ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba. Alipofika juu akaona kamba. Akatazama nyuma ili ashuke, na hapo hapo bendi ikaanza wimbo wa taifa, na kwa sheria aliyoitunga yeye mwenyewe, kurudi nyuma wakati wa wimbo wa taifa ni uhaini.

Walioona wanasema hakutembea. Alikimbia, kama mtu anayekimbia mbwa, na woga ndio uliombeba. Alipozinduka alikuwa katikati. Akaanguka kwa matako, akaikumbatia kamba kwa mikono na miguu, akafumba macho.

"Mtukufu sasa ameketi," alisema mtangazaji. "Anatafakari."

Alitafakari saa nzima. Gari la zimamoto lilikuja na ngazi iliyofika nusu ya mnara. Bendi ilirudia wimbo wa taifa mara kumi na nne, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuuzima. Dakta Ngwalanje akaamuru uwanja mzima ukae vile vile kumuunga mkono, na watu elfu themanini wakakumbatia viti vyao.

Bi Sikudhani hakukumbatia kitu. Alikuwa safu ya nyuma na mumewe, amekaza macho kule juu, kwenye magoti yale yanayotetemeka. Alikuwa ameshayaona magoti kama hayo, ndani ya kihema cha nguo. Akasimama, akavua kandambili, akamkabidhi Mzee Pazi.

Dakta Ngwalanje alimzuia chini ya mnara. "Wewe si yule wa Magodoro? Bodi imethibitisha huna kipaji!"

"Basi nikianguka mtakuwa mmethibitisha vizuri zaidi."

"Huna kibali!"

"Baba," alisema Bi Sikudhani kwa upole, "yule pale juu anacho. Kimemsaidia nini?"

Waziri alitazama juu, akatazama ngazi ya zimamoto, akatazama mustakabali wake. Akasogea pembeni.

Bi Sikudhani akapanda, mkono baada ya mkono, na magoti yake hayakulalamika hata mara moja. Alipokanyaga kamba uwanja ulinyamaza, na bendi nayo ikasahau kupiga. Akaenda moja kwa moja mpaka katikati, akakaa kando ya Rais, miguu inaning'inia, kama mtu aliyekaa kibarazani.

"Shikamoo," alisema Rais bila kufumbua macho, maana woga huondoa itifaki.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nakufa, mama."

"Hufi. Fundo nimelitazama, limefungwa na mtu anayejua. Fumbua jicho moja."

"Siwezi. Tufani hakuogopa. Wote wananitazama, na mimi si Tufani." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyegundua jambo hilo peke yake, na kwa kuchelewa.

Miaka hamsini Bi Sikudhani alikuwa ameishika ahadi ile, na sasa aliisikia nzito mdomoni. Alimtazama mtu huyu mzima, masharubu yamehamia shavuni, machozi yanamdondoka kwenye kamba.

"Nikwambie kitu?" alisema. "Tufani alikuwa mwoga kuliko wewe. Wewe angalau umefika katikati. Yeye hakuwahi kuikanyaga kamba hata siku moja."

Jicho moja likafumbuka.

"Na aliyevuka mto?"

"Umekaa naye."

Rais akamtazama. Kisha akaitazama miguu ya bibi, ile miguu mirefu yenye vidole vilivyotawanyika, ambayo alikuwa ameiona ukutani kwake kila siku kwa miaka minane. Jicho la pili likafumbuka. Mabega yakaanza kumtikisika, na Bi Sikudhani akadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka kofia ndefu ikaanguka ikaenda chini, na kamba ikayumba, na yeye akazidi kucheka.

"Vizuri," alisema bibi. "Anayecheka hawezi kujikaza. Sasa simama polepole, ukinishika bega. Usitazame chini, wala usitazame mbele. Shika ncha ya kanga yangu, tazama mgongo wangu, na uniambie mke wako anapika nini."

Wakaondoka hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, Rais akisimulia ndizi za nazi kwa sauti inayotetemeka, mpaka mnarani.

"Mnajionea wenyewe," alisema mtangazaji, "Mtukufu anamwongoza bibi kikongwe, kutokea nyuma!"

* * *

Taarifa ya Serikali ilieleza kwamba Rais alikwenda katikati ya kamba kwa makusudi, kumsubiri bibi aliyepotea. Dakta Ngwalanje akapandishwa cheo, akawa waziri wa hali ya hewa peke yake. Vijana wakaanzisha dansi ya kukaa ghafla na kukumbatia kitu, na kabla mwezi haujaisha bendi zote saba zilikuwa na wimbo wake. Rais akanyoa masharubu. Kesho yake maofisa wote wakanyoa, na vinyozi wa mji mkuu wakafunga kazi saa sita mchana kwa uchovu.

Rais hakuutangaza ukweli. Alimwambia Bi Sikudhani kwamba ungehitaji filamu nyingine ya saa sita, na nchi haingestahimili. Alimuuliza anataka nini.

"Kamba yangu."

Ilirudishwa kwa gari lile lile. Kwa kuwa ilikuwa imeshaorodheshwa kuwa mali ya taifa, ililetwa na mlinzi wake, kijana mtaratibu ambaye siku hizi huwashikia wanawake kandambili. Sheria nayo ilifanyiwa marekebisho madogo: neno "hairuhusiwi" lilifutwa herufi mbili za mwanzo, na waliobaki na wasiwasi wa sarufi waliambiwa wasubiri bunge lijalo.

Ijumaa iliyofuata Bi Sikudhani alikwenda makaburini na mumewe. Alisimama mbele ya jiwe la Kitwana Mbaruti, ambalo Wizara ilikuwa imelijengea paa.

"Nimekuvunjia ahadi, Kitwana," alisema. "Mtu alikuwa anaogopa."

Mzee Pazi aligeuza sikio lake zima kuelekea kaburini, kana kwamba anasubiri jibu. Kisha akamshika mkewe mkono wakarudi nyumbani, na njiani Bi Sikudhani alianza kuimba.

Na sasa, kila Alhamisi asubuhi, gari dogo lisilo na bendera husimama mwanzo wa mtaa wa Magodoro, na mwanamume mmoja aliyevaa miwani myeusi na shati la kawaida huingia uani kwa Bi Sikudhani. Majirani wanamjua, lakini wamekubaliana kutomjua. Kamba amewekewa chini, kimo cha goti. Huanguka sana, mara nyingi juu ya nguo zilizoanikwa, na huambiwa azifue upya.

Alhamisi iliyopita alipiga hatua nne. Nne kamili, bila kushikwa, kisha akaruka chini mwenyewe na kuinua mikono juu. Alisubiri makofi. Hapakuwa na makofi. Mwanamke mmoja alikuwa anachambua mchele, wawili walikuwa wanabishana juu ya harusi, na Bi Sikudhani alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

"Mmeona?" aliuliza Rais wa nchi.

Bi Sikudhani aliinua uso.

"Hatukuona, mwanangu," alisema. "Rudia."

Akavuta pumzi, akarudi mwanzo wa kamba, akarudia.